Katuni za safari za wakati kwa watoto wa Kusini: tuanzie Kilwa ya 1331 au Tendaguru ya 1909?

Katuni za safari za wakati zina mtindo unaopendwa na watoto kila mahali: wawili watatu wa leo wanaangukia zamani, wanakutana na watu wa huko, wanaingia matatani, wanarudi nyumbani na jambo walilolijua. Zinazofika kwetu, tena kwa nadra, huwashusha watoto Misri ya mafarao, Roma, au kwenye majumba ya wafalme wa Ulaya. Mtoto wa Chuno au wa Mikindani anasoma, anafurahi, halafu anafunga kitabu akiamini kwamba mambo ya zamani yote yalitokea kwa wenzetu. Kumbe amekaa kwenye mikoa miwili, Lindi na Mtwara, ambayo mwandishi wa nchi yoyote angeionea wivu kwa wingi wa mahali pa kumshushia msafiri.

Nawaandikia wanaotaka kuutengeneza mfululizo wetu wenyewe: walimu wa msingi wenye klabu za kusoma, mafundi wa kuchora mabango wa Mtwara na Lindi, wazazi walio tayari kuchangia karatasi na wino. Nia ipo. Kinachokwamisha ni toleo la kwanza liende wapi, maana kila mtu ana zama zake na hakuna anayetaka zake zisubiri. Nimeviweka vituo vinavyotajwa sana pamoja na kuvipima kwa maswali matatu. Mtoto msafiri atazungumza na nani huko? Msomaji anaweza kwenda kuona na kugusa nini leo? Na kuna jambo gani gumu ambalo mwandishi hana ruhusa ya kulikwepa?

Miaka milioni 150 iliyopita: picha tele, maneno hakuna

Ukimwachia mtoto wa darasa la pili achague, atachagua mjusi mkubwa wa Tendaguru, na ana haki. Kilima cha Tendaguru, kama kilomita 60 kaskazini-magharibi ya mji wa Lindi, ni kati ya sehemu tajiri zaidi duniani kwa visukuku vya zama za Jurasiki. Mkubwa wao, Giraffatitan, mifupa yake imesimamishwa Berlin na kichwa chake kiko mita 13.27 juu ya sakafu, kimo cha mnazi uliokomaa. Yupo Kentrosaurus mwenye vibamba mgongoni na miiba mirefu kuelekea mkiani, na walikuwepo wala nyama wakubwa, kwa ushahidi wa meno yao.

Mchoraji atakayepewa toleo hili aambiwe mapema mambo ambayo hayakuwepo. Hakuna nyasi. Hakuna maua, hakuna mnazi, hakuna mbuyu. Miti ni ya jamii ya misonobari, chini kuna mimea ya jamii ya kangaga, na bahari iko karibu: inapanda na kushuka, inaacha madimbwi ya chumvi na makombe ambayo leo yanapatikana kwenye tabaka moja na mifupa. Na yule mnyama wa sinema mwenye kichwa kikubwa na mikono mifupi asiingie kabisa. Tyrannosaurus aliishi Amerika Kaskazini, tena zaidi ya miaka milioni 80 baada ya hawa wetu. Watoto watamdai. Wanyimwe, na waelezwe kwa nini, kwa sababu maelezo hayo peke yake ni somo zuri la jinsi muda ulivyo mrefu.

Udhaifu wa kituo hiki unaonekana ukifika ukurasa wa sita. Hakuna mtu wa kuzungumza naye. Watoto wetu wanakimbia, wanajificha, wanashangaa, wanakimbia tena. Kwa msomaji wa miaka 5 hadi 8 inatosha kabisa, kwani anataka picha kubwa na maneno machache. Kwa mfululizo wa kufundisha historia ni mwanzo mbaya: ukifungua na mnyama wa tani nyingi, toleo la pili lenye mfanyabiashara wa dhahabu litaonekana limepooza.

Kilwa ya 1331: mgeni aliyefika na kusimulia

Kilwa ina kitu ambacho mwandishi wa katuni hukitamani kuliko vyote, nacho ni shahidi. Ibn Battuta, mzaliwa wa Tangier nchini Moroko, alipita Mogadishu na Mombasa akafika Kilwa mwaka 1331, enzi za Sultani al-Hasan ibn Sulaiman, aliyejulikana kwa lakabu ya Abu al-Mawahib kwa sababu ya ukarimu wake. Alivutiwa na mji ule, akauhesabu kati ya miji mizuri aliyoiona. Watoto wetu wakishuka pwani siku moja na yeye, tayari mna mhusika wa nne: mgeni kama wao, anayeuliza maswali yaleyale ambayo mtoto wa leo angeyauliza.

Na kuna kisa alichokisimulia ambacho kimekaa tayari kwa visanduku vya katuni. Sultani anatoka msikitini baada ya swala ya Ijumaa. Fakiri kutoka Yemen anamkabili na kuomba nguo alizovaa. Sultani anasema atampa. Fakiri anazitaka palepale. Sultani anarudi, anaingia nyumba ya khatibu, anabadilisha nguo, anatoka na kumkabidhi. Watu wanamsifu. Mwanawe anazikomboa zile nguo kwa fakiri na kumpa fidia ya watumwa kumi. Sultani aliposikia jinsi watu walivyolipokea tendo lile, akamwongezea fakiri watumwa kumi wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Hapo ndipo penye jambo gumu. Nimewasikia watu wakipendekeza kisa kikatwe pale Sultani anapovua nguo: watoto wapate somo la ukarimu, mambo ya watumwa yaachwe. Napinga kwa nguvu zote. Kisa kikikatwa pale kinakuwa uongo. Zawadi ile ilikuwa watu. Kichorwe chote, na wale kumi wachorwe wakiwa na nyuso, kila mmoja na wake, wasiwe kivuli cheusi nyuma ya fakiri. Mtoto msafiri aulize mmoja wao ametoka wapi. Asijibiwe. Kisanduku kinachofuata kiwe cha Ibn Battuta akiendelea kusifu ukarimu wa mwenyeji wake. Mtoto wa miaka kumi atauona ufa kati ya visanduku viwili bila kuhubiriwa, na mwalimu atakuwa na mazungumzo ya kipindi kizima.

Mtego mwingine wa Kilwa ni jikoni. Mchoraji wa Mtwara, mkono wake umezoea korosho. Akichora kijiji chochote, mkorosho unatokea wenyewe pembeni. Mwaka 1331 hapakuwa na mkorosho hata mmoja pwani hii. Ulitoka Brazili ukaletwa na Wareno karne ya 16. Muhogo haukuwepo, wala mahindi, wala karanga, nyanya, nanasi, papai au pilipili kali. Asili yake vyote ni Amerika. Mtoto wetu akipata njaa Kilwa hataiona sahani ya ugali wa mahindi wala chipsi za muhogo. Atakula mtama, samaki, nazi, ndizi. Ningeutumia mtego huu uwe mchezo: ukurasa mmoja mzima wa soko la Kilwa, na mtoto anazunguka akitafuta korosho za kutafuna, kila muuzaji anamtazama asimwelewe. Mtoto wa Newala au Tandahimba akisoma ukurasa ule ataanza kuuliza kila kitu cha shambani kwao kilitoka wapi, na kwa nini.

Majengo nayo yanataka uangalifu. Anayefika Kilwa Kisiwani leo kwa mashua kutoka Kilwa Masoko huliona kwanza jengo la ngome liitwalo Gereza, na mchoraji hulikimbilia hilo. Gereza ni la baadaye. Wareno walijenga ngome pale mwaka 1505, na sehemu kubwa ya jengo linaloonekana sasa ni ya enzi za Waomani. Kwa safari ya 1331 chora Msikiti Mkuu, ambao ujenzi wake ulianza karne ya 11, na Husuni Kubwa, kasri lililokaa juu ya genge linalotazama bahari, lenye vyumba zaidi ya mia na bwawa la kuogea la pembe nane. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, boriti za mikoko juu. Lakini nyumba nyingi za watu wa kawaida zilikuwa za miti na makuti. Msiujaze mji wote mawe kwa sababu mawe ndiyo yaliyobaki.

Kwa kugusa, Kilwa haina mpinzani. Kisiwani na kisiwa jirani cha Songo Mnara vimo kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 1981, na mwaka 2014 viliondolewa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini baada ya miaka kumi humo. Mtoto anaweza kusimama ukingoni mwa lile bwawa la pembe nane akiwa na katuni mkononi na kulinganisha. Sarafu za shaba zilizotolewa Kilwa nazo ni kiini kizuri cha hadithi: moja ya Sultani huyuhuyu al-Hasan ilichimbuliwa kwenye magofu ya Great Zimbabwe, mbali sana bara, na inaeleza biashara ya dhahabu iliyopitia Sofala, bandari ya Msumbiji ya leo, vizuri kuliko aya tatu za kitabu cha darasani.

Kasoro yake? Kilwa inamvuta mwandishi kwenye kasri. Tunamjua Sultani, tunamjua mgeni, tunalijua bwawa la kuogea. Hatuna jina la mwanamke aliyesokota uzi, ingawa vifaa vya kusokotea vimechimbuliwa kwa wingi. Mwandishi atalazimika kuwabuni watu wa kawaida, na akiwa mvivu atawaacha wapite nyuma ya picha wakiwa na vikapu.

Tendaguru ya 1909: mifupa ina wachukuzi

Hiki ndicho kituo ambacho watu hukisahau, na ndicho ninachokipigania.

Mwaka 1906 mhandisi Mjerumani wa kampuni ya kutafuta madini, Bernhard Sattler, aliiona mifupa mikubwa Tendaguru. Mwaka 1907 akaja Eberhard Fraas kutoka Stuttgart kuitazama. Kisha, kuanzia 1909 hadi 1913, makumbusho ya Berlin yakaleta msafara wa uchimbaji chini ya Werner Janensch na Edwin Hennig. Ukiishia hapo umeandika hadithi ya Wazungu wanne. Hadithi yenyewe iko kwa mamia ya watu wa Kusini waliochimba, waliosafisha, waliofunga na waliobeba. Msimu wa kazi nyingi walikuwa kama 500, wengi wamekuja na wake na watoto wao, kambi ikawa kijiji. Zaidi ya tani 200 za mifupa na mawe yake zilitoka pale hadi bandari ya Lindi bila lori, bila reli, bila ng'ombe wa kukokota. Zilitoka kichwani. Vipande vikubwa vilining'inizwa kwenye mti mrefu na kubebwa na watu kadhaa.

Na humo kuna mtu mwenye jina. Boheti bin Amrani alikuwa mnyapara mkuu wa uchimbaji, fundi wa kuitoa mifupa ardhini, ambaye Wajerumani wenyewe walimtegemea. Mwaka 2007 dinosaria mmoja wa Tendaguru alipewa jina la Australodocus bohetii kwa heshima yake. Mwambie mtoto wa darasa la tano kwamba kuna mnyama wa kale anayeitwa, katika vitabu vya sayansi vya dunia nzima, kwa jina la mtu wa Kusini aliyekuwa anachimba kwa mikono yake, halafu mtazame usoni.

Sasa tuje kwenye mazungumzo. Kambi ile ilikuwa ya Kiswahili. Watu wa makabila mbalimbali walikutana kazini, na lugha ya kuelewana ilikuwa hii hii yetu. Mtoto wa leo wa Mtwara akiangukia pale 1909 anaelewana na mtu bila kifaa cha kutafsiri, bila uchawi wowote wa mwandishi. Nimeandika mfano wa ukurasa mmoja, njiani kati ya Tendaguru na Lindi, mchukuzi mtu mzima ametua mzigo kivulini:

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, wajukuu. Mmetoka wapi na viatu vya namna hiyo?"

"Mtwara, babu."

"Mtwara? Kule kwa wavuvi, karibu na Mikindani? Mbona mmekuja mbali hivyo?"

"Tunataka kujua umebeba nini."

"Mfupa."

"Wa nani?"

"Wakubwa wanasema wa mnyama. Mimi shingo yangu inasema ni mzigo, na mzigo unalipwa rupia, na rupia inalipa kodi ya nyumba. Wewe kwenu hamdaiwi kodi?"

Katika ukurasa huo mtoto amepata mambo matatu bila kusomeshwa: mji wa Mtwara anaoujua ulikuwa haujawa mji, mtu alibeba kwa sababu utawala ulimdai kodi ya fedha, na aliyebeba alikuwa na akili na maoni yake. Ndiyo maana nasema toleo la kwanza liwe hapa.

Kuna faida nyingine ya ufundi. Kila mfululizo wa safari za wakati unahitaji namna ya kusafiri, na mashine zenye taa na vitufe zimeshachosha. Mfupa wa Tendaguru unatosha. Watoto wanaugusa, wanaangukia 1909. Wakiugusa tena wakati unatolewa ardhini, wanadondoka miaka milioni 150 nyuma kwa kurasa nne tu za kukimbia na kushangaa, kisha wanarudi kambini. Mpenzi wa dinosaria amepata haki yake, na bado kuna mtu wa kuzungumza naye.

Jambo gumu la hapa halikwepeki: mifupa iko Berlin. Giraffatitan amesimama pale tangu 1937. Mtoto atauliza kwa nini, na je, irudi? Mjadala huo umefika hadi bungeni kwetu, na watu wenye busara wanatofautiana. Katuni isiamue. Ionyeshe meli ikiondoka Lindi na masanduku, na watoto wawili wasafiri wakibishana gatini, mmoja anataka yarudi, mwingine anauliza yatawekwa wapi na nani atayalinda. Mwisho wa toleo uwe ugomvi huo.

Upungufu wake nausema wazi. Kugusa ni kugumu. Tendaguru haina bwawa la pembe nane la kupigia picha. Ni kilima na msitu, na barabara ya huko wakati wa masika si ya basi la shule. Ukienda bila mwenyeji utaona miti. Kwa shule nyingi, ziara itakuwa ya Lindi mjini, pale pwani mizigo ilipopakiwa, na kamba ya mita 13.27 iliyonyooshwa kwenye uwanja wa shule ili watoto walale chini mmoja mmoja kuhesabu ni wangapi wanatosha kimo kile.

Ukiviweka viwili hivi pamoja

Kwa mchoraji, Tendaguru ni rahisi kwa mbali. Miti, jua, watu, mizigo, mahandaki. Picha za wakati ule zipo, kwa sababu Wajerumani walikuwa na kamera, kwa hiyo nguo, vifaa na jinsi mizigo ilivyofungwa kwa mianzi vinaweza kunakiliwa bila kubahatisha. Kilwa inataka mchoraji anayeweza majengo, vyombo vya baharini, umati wa sokoni, tena ajizuie kila mara asiweke kitu cha karne ya 19. Khanga, kwa mfano, ni ya karne hiyo. Kama fundi wenu ni kijana anayejifunza, msimtwishe Husuni Kubwa.

Kwa mwandishi, mambo yanageuka. Kilwa inakuja na kisa kilichokamilika, chenye mwanzo na mwisho. Tendaguru inakupa mazingira na watu, msuko wa hadithi utautafuta mwenyewe.

Kwa mwalimu, vyote viwili vinaingia kwenye Historia ya Tanzania na Maadili, lakini Tendaguru inavuka hadi sayansi, jiografia na hata hesabu, na kwa shule ambayo kitabu kimoja kitapita mikono ya madarasa mengi hilo si dogo. Umri nao utazamwe. Kilwa, kwa sababu ya watumwa wale kumi, naiweka miaka 10 kwenda juu ikiwa na mtu mzima karibu. Tendaguru mtoto wa miaka 8 anaisoma peke yake, na wa 12 haimchoshi kwa sababu ya ule ubishi wa gatini.

Kama shule yenu iko Kilwa Masoko au Kilwa Kivinje, geuzeni mpangilio wangu: anzeni na Kisiwani, mnacho mlangoni.

Kwa nini si Maji Maji

Hili huulizwa kila mara, na linastahili jibu. Vita vilianza Julai 1905 katika vilima vya Matumbi, Nandete, ambayo leo iko wilaya ya Kilwa. Ni historia yetu kuliko nyingine yoyote katika orodha hii. Nataka sana toleo lake liwepo. Lakini katuni ya safari za wakati ina sheria yake: msafiri haruhusiwi kubadili yaliyotokea. Kwenye Kilwa ya 1331 sheria hiyo haiumi. Kule Matumbi, mtoto wa leo anamtazama kijana wa rika la kaka yake akipakwa maji ya Kinjikitile Ngwale, naye anajua risasi haitageuka maji. Amwambie au asimwambie? Akinyamaza, msomaji atamchukia. Akisema, hadithi imevunjika, au inageuka dhihaka kwa watu walioamini na kupigana.

Hiyo ni hadithi ya kuandikwa na mtu aliyekomaa, kwa wahusika ambao wasomaji wameshawazoea na kuwapenda, labda toleo la tano au la sita, na kwa wasomaji wa sekondari. Hadi hapo, ipite ndani ya Tendaguru. Wamwera waliingia vitani. Misheni ya Nyangao ilichomwa 1905. Baada ya vita ikaja njaa. Watu waliobeba mifupa mwaka 1909 walikuwa wametoka humo miaka miwili tu nyuma. Bibi mmoja kambini, anayepika, akiulizwa na mtoto "watoto wako wako wapi?", jibu lake la sentensi moja linatosha.

Mikindani na Nachingwea

Mikindani ya 1866 ingefaa toleo fupi. David Livingstone alishukia pale Machi mwaka ule akielekea bara, na msafara wake ulikuwa na ngamia, nyati, nyumbu (chotara wa farasi na punda) na punda, jambo ambalo watoto hulipenda mno. Nisingemfanya yeye kuwa shujaa. Alikuwemo kijana Myao, Chuma, ambaye miaka saba baadaye yeye na Susi na wenzao waliubeba mwili wa Livingstone kutoka ndani kabisa ya bara hadi Bagamoyo. Hadithi ni ya Chuma. Na kwa mtoto wa Mtwara mjini, Mikindani ni nauli ya daladala.

Nachingwea ya 1947 inachekesha na kusikitisha: Waingereza walitaka kulima karanga kwa maeneo makubwa ya ajabu, wakaleta matrekta yaliyotengenezwa kutokana na vifaru vya vita, mwaka 1951 mradi ukafungwa na hasara ya zaidi ya paundi milioni 36. Bandari ya Mtwara na mji wenyewe vilikua kutokana na mradi huo, na reli iliyojengwa ikaja kung'olewa. Ni toleo zuri la nne, kwa sababu wazee waliokuwa watoto wakati huo bado tunao baadhi, na mtoto anaweza kupewa kazi ya kwenda kumwuliza babu kabla ya kusoma.

Karatasi na msimu

Kurasa 16 za A5 zinatoka kwenye karatasi nne za A4 zilizochapwa pande zote mbili, zikakunjwa na kubanwa pini mbili katikati. Steshenari yoyote yenye mashine ya kudurufu inaweza. Ndani iwe nyeusi na nyeupe, mistari minene, maana mashine zetu humeza mistari myembamba. Rangi iwe ya jalada tu. Viputo vya maneno visizidi mistari mitatu. Kabla ya kudurufu nakala nyingi, mpe mtoto mmoja asome kwa sauti mbele yako, na kila anapokwama hapo pana sentensi ya kufupisha.

Toleo la Tendaguru liwe tayari Septemba. Korosho zikianza kuingia ghalani na minada ya Oktoba na Novemba ikianza kulipa, mzazi wa Masasi au Tandahimba huwa na fedha ya kitabu mfukoni, fedha ambayo Machi hana. La Kilwa lisubiri Mei, ili madarasa yawe yamelisoma kabla ya likizo ya Juni, njia zimekauka, na yale yatakayopata gari yaende nalo Kisiwani.